Mshale wa Kwenda kwa Mama Mkwe

Ndugu zangu hawajawahi kuielewa kazi yangu, na mimi nimechoka kuieleza. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, majirani wa Issuna wakimuuliza binti yake anafanya nini huko Dodoma, anawajibu, "Anachora viboksi na mishale." Basi, imetoka hiyo. Chuo chote kile, macho yote haya yaliyochoka kwa kompyuta, yameishia kwenye viboksi. Nikinuna ananiuliza, "Kwani si unachora? Au huko unatudanganya?"

Nachora, sikatai. Ofisi ikitaka kompyuta iisaidie kazi, kwanza watu wanaichora kazi yenyewe: kisanduku kwa kila hatua, mshale kutoka hatua hii kwenda ile. Wakishamaliza na kupongezana, ndipo ninapoitwa mimi na maswali yangu ya kuudhi. Kisanduku hiki kimeingiwa na mishale miwili. Kinaisubiri yote miwili, au wowote utakaotangulia? Na huu unaotoka hapa, unabeba nini? Mtu akiutazama mchoro anajijazia mwenyewe pale pasipoeleweka, na kila mtu anajaza lake. Kompyuta haijazii, inakwama au inafanya madudu. Kwa hiyo kazi yangu ni kukipa kila kialama maana moja tu, iliyoandikwa, ambayo watu wawili wasiojuana wataisoma sawasawa. Naipenda kazi hii, haki ya Mungu naipenda, na nikiona mchoro mzuri wa rangi ambao hauna maana napandwa na hasira kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Sasa msimu mmoja wa alizeti, nikiwa ofisini, simu ikaita. Mama mdogo. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

"Wametukataa," akasema.

Nikajua anaongelea nini. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua mafuta ya alizeti, na banda la mashine limejengwa kwenye kiwanja chake mwenyewe, pale alipokuwa anapanga kujenga nyumba. Walikuwa wanaitafuta nembo ya ubora, maana bila nembo wenye maduka ya Singida mjini hawaweki chupa zao rafuni. Akina mama walishaanza kunung'unika. Msimu huu ukipita bila nembo, walisema, kila mmoja atauza alizeti yake ghafi kwa wenye malori kama zamani, na kikundi kife. Mama mdogo angebaki na banda tupu na vicheko vya watu.

"Mafuta mabaya?" nikauliza.

"Mafuta mabaya wapi! Mkaguzi kayasifia. Banda kalisifia. Halafu kasimama mbele ya ule mchoro wa ukutani, akawauliza wenzangu watatu, sampuli ya mafuta inamfikiaje mpimaji? Wa kwanza akasema inafika tu. Wa pili akasema naipeleka mimi mwenyekiti. Mimi! Nilishaibeba lini? Wa tatu akasema haipelekwi, mpimaji hupita akaiona. Mkaguzi akafunga begi lake. Eti atarudi tukishaijua kazi yetu. Kazi yetu, mwanangu! Sisi?"

Nikaomba likizo. Nilipanda basi kupitia Manyoni, nikashuka Issuna jioni na upepo ule wa kipupwe unaopenya hadi kwenye mifupa. Mama mdogo alikuwa kajifunga kanga mbili na sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Hao wa viboksi hawakulishi?"

Kesho yake asubuhi akanipeleka bandani. Mchoro wenyewe uliachwa na mtaalamu mmoja wa semina, umechapwa kwa rangi na kuwekewa plastiki, unang'aa. Nilisimama mbele yake nikaona damu inanipanda. Mishale inaingia popote, inatoka popote. Kisanduku cha kufungasha kilikuwa na mishale miwili inayokiingia, mmoja unatoka kwenye kutuamisha mafuta, mwingine kwenye kupima sampuli. Nikawauliza akina mama waliokuwepo, je, mafuta yakishatuama lakini bado hayajapimwa, mnafungasha? Nusu wakasema ndiyo, nusu wakasema hapana, na wote wakauonyesha mchoro uleule kwa vidole.

"Huu siyo mchoro, ni pambo," nikasema. "Bora mngetundika kalenda."

"Punguza mdomo," mama mdogo akaniambia. "Tengeneza."

Nikachukua chaki, nikauchora upya sakafuni, mkubwa, visanduku vya kutosha mtu kusimama ndani. Kila mmoja akasimama kwenye kazi yake: wa kupokea magunia, wa kupepeta, wa kuchuja, wa kufungasha. Kijana wa mashine, mwanaume pekee pale bandani, akasimama kwenye kisanduku chake. Yeye ni mtu wa Kiomboi aliyeoa kijijini kwetu, na akina mama wanamtania mchana kutwa kwa sababu ya Kinyiramba chake. Mpimaji, mama mmoja wa makamo mwenye pua na macho ambayo hayakosei, akasimama kwenye kisanduku cha kupima.

Nikawapa sheria. Kazi ni punje. Huna punje mkononi, hufanyi kitu. Ukimaliza, punje yako inatoka kwa mshale unaotoka kwako, na wewe unabaki mikono mitupu mpaka ije nyingine. Penye alama ya msalaba, unasubiri punje za mishale yote inayokuingia, hata kama moja imechelewa mpaka unataka kulia. Tulianza na mbegu za alizeti, ikawa balaa. Punje inafika kwa wa kupepeta, anaitafuna.

"Mama, umekula gunia zima!" nikamwambia.

"Lilikuwa limekauka vizuri," akajibu, na banda zima likacheka. Ikabidi tuhamie kwenye mahindi.

Kwenye kufungasha tukabishana kweli, mpaka wakakubaliana wenyewe kwamba hakuna chupa inayojazwa kabla mafuta hayajatuama na hayajapimwa. Nikachora msalaba pale. Wakacheza tena kutoka mwanzo, na mimi nikawa nafurahi moyoni, naona mambo yanakwenda. Punje ikapokelewa, ikapepetwa, ikafika kwa kijana wa mashine. Akaishika. Mshale wake wa sampuli ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwa mpimaji, kama ulivyokuwa ukutani.

Hakusogea.

"Kaka, umemaliza, toa punje," nikasema.

Akaangalia mabati. Mpimaji akageuka akaangalia ukuta. Akina mama wote, ghafla, wakawa na kanga za kufunga upya.

"Jamani, kazi imekwama kwako," nikasema, na sauti yangu sasa imepanda, maana mimi sina subira, nilizaliwa bila hiyo. "Nyoosha mkono umpe mama punje yake! Kuna ugumu gani?"

Halafu mtu mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko. Mama mdogo akanikamata mkono, akanitoa nje kama mtoto aliyejichafua kanisani.

"We mtoto! Dodoma imekutoa akili? Yule ni mama mkwe wake!"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Kwa wazee wetu, mkwe na mama mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Siku hizi nyumba nyingine hawajali, lakini hawa wawili wanaishika heshima hiyo barabara. Hawakai chumba kimoja bila sababu, hawatazamani usoni, na jina la mama mkwe wake kijana halitamki kabisa. Na mimi nimesimama katikati ya watu nawafokea wapeane punje.

"Sasa kila siku mafuta yanamfikiaje?" nikauliza.

Mama mdogo akanionyesha. Chumba cha kupimia kina dirisha dogo linalotazama kwenye mashine. Kijana akishakamua na mafuta yakishachujwa, anachota kikombe, anakiweka dirishani, anakohoa, anaondoka. Mama mkwe anasikia kikohozi, anasikia hatua zinapotelea mbali, ndipo ananyoosha mkono na kukichukua. Kila mtu bandani anajua. Hakuna aliyewahi kulisema kwa mgeni, kwa sababu ukilisema ni kama unawaanika watu na ndoa yao. Na pale ukutani, kwa rangi, mtaalamu wa watu kachora mshale unaotoka kwa mkwe mpaka kwa mama mkwe, mchana kweupe. Akina mama walikuwa wanaona aibu hata kuusoma. Ndiyo maana walipoulizwa na mkaguzi kila mmoja alikimbilia upande wake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nikiwa palepale chini nikaona kosa liko wapi, na lilikuwa kosa ninalolijua. Kazini tuna kitu cha namna hiyo hasa. Mshale peke yake hausemi kama anayetoa na anayepokea wanakutana. Mara nyingi hawakutani. Kuna mahali katikati ambapo kitu kinakaa: anayetoa amemaliza akishakiweka, anayepokea anaanza akishakichukua, na wala hawahitaji kuonana. Pasipochorwa mahali hapo, mchoro unasema uongo.

Nikarudi ndani, nikaufuta ule mshale kwa kanga yangu. Nikachora duara katikati yao, nikaandika DIRISHA. Mshale mmoja kutoka kwa mashine hadi dirishani. Mwingine kutoka dirishani hadi kwa mpimaji.

"Kaka," nikamwambia, safari hii kwa adabu, "wewe unakwenda dirishani tu. Yanayofuata hayakuhusu."

Akatabasamu mpaka nikaona meno yote. Akaweka punje kwenye duara, akakohoa, eti akakohoa kabisa, akarudi kwenye kisanduku chake na kugeuka mgongo. Mama mkwe akasubiri kidogo, akainama, akaichukua. Vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani kuna harusi.

Baada ya hapo wakanogewa, wakawa wanauliza wenyewe. Vikombe viwili vikiwa dirishani, cha nani kinatangulia? Kumbe kuna siku vilichanganyika. Tukaandika kwamba dirisha linabeba kikombe kimoja tu, na kama kipo, kijana anasubiri kiondoke. Mpimaji atajulishaje jibu bila kuongea na mkwewe? Wakakubaliana kikombe kikirudi dirishani kimefunikwa kisahani, mafuta yamepita, kikirudi wazi, yamekataliwa. Chini ya kila kisanduku tuliandika maneno machache ya Kiswahili cha kawaida, kabla hujaanza lazima kiwepo nini, na ukimaliza unaacha nini na wapi.

Tulipofika kwenye kukataliwa, ndipo mimi na mama mdogo tulipogombana. Ule mchoro wa zamani haukuwa na njia ya mafuta yaliyokataliwa. Nikachora mshale unaorudi, kutoka dirishani hadi kwenye kuchuja.

"Futa huo," mama mdogo akasema.

"Siufuti. Yakikataliwa yanakwenda wapi?"

"Unataka mkaguzi aje asome ukutani kwamba mafuta yetu hukataliwa? Unanichimbia kaburi?"

"Mama, bila huo mshale, kikombe kikirudi wazi kazi inafia dirishani!"

"Mimi nimetoa kiwanja changu hapa! Wewe umetoa nini, chaki?"

Iliniuma, sitaficha. Nikamwambia kama ni hivyo nafuta mchoro wote na napanda basi kesho. Akaniambia basi lipo. Jioni alinipakulia ugali na mlenda kama kawaida, nyama akaniwekea kubwa kuliko yake, lakini hakunisemesha neno. Asubuhi nikamkuta bandani peke yake anautazama ule mshale, mikono kiunoni.

"Uache," akasema. "Lakini wakitukataa, hurudi Dodoma. Utakaa hapa ukamue alizeti kwa meno."

Mchoro ukahamia ukutani, kwa rangi ya mafuta, mkono wangu mwenyewe. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, akina mama waliosha kila kitu chenye jina: sakafu, ndoo, mapipa, vitambaa, hadi mlango.

Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa, akawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, na hilo likampa alama kwa mama mdogo. Akasimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu. Akawaita akina mama watatu, swali lilelile: sampuli inamfikiaje mpimaji?

"Dirishani," akasema wa kwanza.

"Dirishani," wa pili.

"Dirishani, na kikombe ni kimoja," wa tatu, na kuongeza madoido.

"Kwa nini dirishani?"

Wakatazamana, wakaziba midomo. Mmoja akajikaza, "Afisa, wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako unampaje kitu?"

Afisa wa watu akafikiri, halafu akacheka sana. Akasema, "Haya, nimeelewa. Washeni mashine, nione."

Mashine ikanguruma. Mafuta yakatoka, yakachujwa. Kijana wa mashine akachota kikombe, akakiweka dirishani, akakohoa, akaondoka. Mkono ukatokea, ukakichukua. Tukasubiri. Ndani kule mpimaji anaweka kijiko cha mafuta juu ya moto na kusikiliza. Mafuta safi hukaa kimya, na yenye maji hulia. Mimi nilikuwa naangalia mchoro wangu kwa furaha, kila kitu kinakwenda kama kilivyoandikwa.

Kikombe kikarudi dirishani. Kiko wazi.

Mkaguzi akakitazama kikombe, akautazama mchoro, akamtazama mama mdogo. Nilimjua mama mdogo, na nilijua kisahani kiko pale pembeni ya dirisha, karibu na mkono wake. Angeweza kukifunika kikombe na kucheka, "Mama kasahau." Angeweza kuita ndani, "Hebu angalia tena, dada." Yule ni mtu wake wa karibu, na labda angebadilisha. Niliuona uso wake ukizeeka palepale. Nilijua pia kwamba kama mambo yangeharibika, mshale ule ulikuwa wangu.

"Rudisheni," mama mdogo akasema.

Mafuta yakarudi kwenye kuchuja. Kijana wa mashine akakishika kitambaa cha kuchujia, akakikamua kwa vidole, matone ya maji yakadondoka. Kumbe jana yake, katika kuosha kila kitu kwa ajili ya mgeni, walikifua na hicho, na kwa baridi ile hakikukauka. Usafi wetu wenyewe ndio uliotaka kutumaliza. Wakaleta kitambaa kikavu, mafuta yakapashwa moto, yakachujwa upya, yakatuama kiasi cha kupima. Mkaguzi akasubiri muda wote huo, amekaa juu ya gunia na viatu vyake vile, hakuaga. Kikombe kikaenda. Kikohozi. Mkono. Kikarudi kimefunikwa.

Mkaguzi akasimama, akajipangusa mashudu kwenye suruali.

"Kwingine nikija," akasema, "siku hiyo hakuna kinachokataliwa. Mimi nawapitisha. Nipeni jina la anayesimamia ubora, ndilo litakaloandikwa kwenye cheti."

Wote wakamgeukia mama mdogo. Ni haki yake. Kiwanja chake, kelele zake, usiku wake wa kukosa usingizi. Najua alilitaka jina lake kwenye cheti kile ukutani, alilitaka kwa miaka, hata angekataa nisingemwamini. Akaonyesha dirisha.

"Andika la yule mama," akasema.

"Wanasema nini huko nje?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Wanataka jina lako, dada. La kwenye cheti."

Kijana wa mashine, kusikia jina la mama mkwe wake linakuja, akaziba masikio kwa viganja viwili na kutimkia nyuma ya banda. Halafu mpimaji akayataja majina yake, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, moja moja, ili mkaguzi asikosee herufi. Mama mdogo akayarudia kila moja kwa sauti kubwa, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Nilimkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu mtoto hamfanyii mama yake hadharani, naye akaniacha nimkumbatie.